Kwa nini nyota wa michezo hufilisika wakistaafu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila gazeti likiandika kwamba nyota fulani kafilisika, kijiweni kwetu hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: wanawake, pombe, magari. Mjadala umefungwa, mlete bao. Nimezifuatilia habari hizi kwa miaka mingi na naona hukumu hiyo ni nyepesi mno. Anasa zipo, tena nyingine za kuchekesha, lakini mara nyingi kinachomwangusha mtu ni karatasi alizosaini akiwa juu. Yeye anatundika daruga, karatasi zinaendelea kudai.

Ni kweli kwamba asilimia 78 ya wachezaji hufilisika?

Takwimu hiyo imezungushwa hadi imechakaa. Ilitoka mwaka 2009 kwenye jarida la Sports Illustrated la Marekani, ikiwahusu wachezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Lilisema kwamba miaka miwili baada ya kustaafu, asilimia 78 walikuwa wamefilisika au wako kwenye hali ngumu ya kifedha. Wanaoisambaza huikata hiyo "au", na ndiyo iliyobeba mzigo wote. Hali ngumu ya kifedha! Hata mimi huingia humo kila Januari ada za shule zikifika. Kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA, jarida hilo liliandika kwamba asilimia 60 walikuwa wameishiwa ndani ya miaka mitano.

Mwaka 2015 wanauchumi wa Marekani walifanya kazi ya uhakika zaidi. Waliwachukua wachezaji walioingia NFL kati ya 1996 na 2003, wakapekua kumbukumbu za mahakama za ufilisi jina kwa jina. Karibu asilimia 16 walikuwa wamekwenda mahakamani kutangaza kufilisika ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu. Huyo ni mmoja katika kila sita. Kwa watu waliolipwa mamilioni bado ni wengi mno, ila si "karibu wote" kama tunavyoambiana.

Kilichonikaa kichwani kwenye utafiti huo wala si idadi. Waligundua kwamba aliyelipwa zaidi, au aliyecheza miaka mingi zaidi, hakuwa salama kuliko mwenzake aliyelipwa kidogo. Ukilitafakari hilo, utaacha kuuliza "alikuwa na kiasi gani" na utaanza kuuliza "alijifunga na nini".

Lakini mtu anamalizaje dola milioni 100?

Tumchukue Antoine Walker, kwa kuwa mwenyewe amejitokeza na kusimulia. Boston Celtics walimchukua mwaka 1996 akiwa wa sita kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya walioingia NBA mwaka huo. Alicheza misimu 12 NBA, akaitwa mara tatu kwenye mechi ya nyota wote, akabeba ubingwa na Miami Heat mwaka 2006. Mishahara yake ilijumlika kama dola milioni 108. Mei 2010 alifika mahakamani Florida akitangaza kufilisika: mali za dola milioni 4.3, madeni ya dola milioni 12.7.

Watu hudaka kwanza yale ya magazetini. Magari alikuwa nayo, mama alijengewa jumba, na washkaji walisafiri kwa pesa yake. Kamari ilikuwepo pia, na mwaka 2009 alikamatwa kwa hundi zisizo na pesa alizoandikia kasino za Las Vegas. Yote hayo ni kweli. Lakini ukimsikiliza mwenyewe, shimo kubwa lilikuwa jambo ambalo mzee yeyote mwenye busara angemshauri afanye: kununua nyumba za kupangisha.

Alianzisha kampuni ya majumba Chicago, mji alikozaliwa. Kampuni ikakopa benki, ikanunua majengo, ikakopa tena. Benki zikataka mdhamini, naye akasaini kwa jina lake. Hapo ndipo pa kutulia. Kampuni ikikopa yenyewe na kuanguka, inaanguka na mali zake tu. Ukisaini wewe binafsi, ni sawa na kumdhamini mwenzako kwenye kikundi cha mikopo: akikimbia marejesho, wanakuja kubeba friji lako. Mwaka 2008 bei za nyumba Marekani zikaporomoka. Mwaka huohuo Walker akacheza mechi yake ya mwisho NBA. Mshahara umekatika, wapangaji hawalipi, majengo hayauziki kwa bei ya mkopo, na kila benki ina karatasi yenye sahihi yake.

Hata pete ya ubingwa iliuzwa. Akarudi uwanjani na Idaho Stampede, timu ya ligi ndogo iliyoitwa D-League, ambako mshahara wa msimu mzima haukufikia alichokuwa akipata kwa mechi moja tu ya NBA. Nampa heshima kwa hilo, wengi wangeona aibu.

Ukisikia "mkataba wa milioni 10", ngapi zinafika nyumbani?

Kwa mchezaji wa NBA anayeishi California, chini ya nusu. Kiwango cha juu cha kodi ya serikali kuu ya Marekani ni asilimia 37. Jimbo la California linafika zaidi ya asilimia 13. Wakala anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 4. Ukiongeza makato madogo madogo, kwenye milioni 10 atabaki na milioni 4 na nusu hivi. Tena majimbo mengi humtoza hata mchezaji mgeni aliyekuja kucheza mechi moja na kuondoka usiku.

Gazeti haliandiki "asaini milioni 4 na nusu". Linaandika 10. Shangazi anasoma 10, muuza magari anasoma 10, na mchezaji mwenyewe mwenye miaka 21 anaanza kuishi kama mtu wa 10.

Kazi yenyewe inadumu miaka mingapi?

Chama cha wachezaji wa NFL kilikuwa kikitaja wastani wa miaka 3.3. Ni muda wa kumaliza diploma na kutafuta kazi. Na NFL, tofauti na NBA, sehemu kubwa ya mkataba haina uhakika: ukisoma "miaka mitano, milioni 60", timu inaweza kumtema baada ya miwili na nyingine zikapeperuka.

Si ni kwa sababu hawakusoma?

Tim Duncan alikaa chuoni Wake Forest miaka yote minne na kuhitimu shahada ya saikolojia, wakati wenzake wakiacha masomo mapema kukimbilia pesa. Akatwaa ubingwa wa NBA mara tano na San Antonio Spurs. Hakuwa mtu wa mikufu wala kelele. Pamoja na hayo alipoteza zaidi ya dola milioni 20 kwenye uwekezaji alioshauriwa na mshauri wake wa fedha, Charles Banks, ambaye mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka minne jela.

Duncan hakufilisika, kwa sababu alikuwa na nyingine. Lakini linganisha. Mfanyabiashara wa Kariakoo hukosea akiwa na milioni mbili, akajifunza, akakosea tena akiwa na kumi. Anapofika kwenye mamia ya milioni, ameshatapeliwa vya kutosha na ana pua. Mchezaji anaanzia kwenye mamia ya milioni. Kosa lake la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na hana muda wa la pili.

Je, chawa na ndugu ndio wanaomaliza pesa?

Wanamaliza, ila si kwa namna tunayodhani.

Namfahamu winga mmoja aliyecheza Ligi Kuu yetu. Leo ana duka la vifaa vya simu. Siku moja alinionyesha daftari la mistari, lile la shilingi mia tano, kurasa tisa zimejaa. "Mjomba, bati 30." "Shangazi, hospitali." "Dulla, nauli Mwanza." "Mama Zai, mtaji wa vitenge." "Msiba Tanga, rambirambi na gari." Nikatafuta palipoandikwa kiasi kikubwa, sikukiona. Elfu hamsini, laki, laki mbili, basi. Alipojumlisha, pesa ya usajili ya misimu miwili ilikuwa imeishia kwenye zile kurasa. Nikamwambia walau wewe uliandika, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Akacheka sana. Daftari alianza kuliandika baada ya kutemwa, akikumbuka usiku mmoja baada ya mwingine akiwa hana usingizi.

Hakuna hata ombi moja mle ambalo mimi ningelikataa, na ugumu uko hapo. Kwetu kijana aliyefanikiwa ndiye bima ya ukoo, na bima hiyo hailipiwi ada na mtu mwingine. Familia nyingi za wachezaji Weusi wa Marekani zinaishi jambo hilohilo: kijana mmoja katolewa mtaani na kipaji, nyuma yake wako ishirini.

Chawa ni wa aina nyingine. Mike Tyson alizungukwa na kundi la watu waliolipwa kwa kuwepo tu. Anakadiriwa kuingiza zaidi ya dola milioni 300 kwenye ndondi, na Agosti 2003 akaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi akiwa na madeni ya zaidi ya milioni 20. Alifuga hadi chui milia, na hao nao walikuwa na mtu wa kuwalisha kwa mshahara. Mnyama, mlinzi, dereva, nyumba ya nne: kila kimoja ni bili ya kila mwezi, na bili hazijui kama bondia ana pambano mwaka huu au hana.

Kwa nini mabondia hasa?

Kwa sababu hawana ligi. Mchezaji wa NBA ana chama, ana pensheni hata asipoitaka, na kodi yake hukatwa kabla hajaiona pesa. Bondia ni mfanyabiashara wa peke yake. Pesa ya pambano hupita mikononi mwa promota na kocha, kila mmoja ana fungu, kisha kinachobaki kinaonekana ni chake chote. Si chake, mamlaka ya kodi inangoja zamu yake. Sehemu kubwa ya deni la Tyson ilikuwa kodi ya Marekani, na nyingine ya Uingereza alikokwenda kupigana. Alimshtaki pia aliyekuwa promota wake, Don King, akidai kwamba alimpunja mamilioni. Walimalizana mwaka 2004 kwa dola milioni 14, nazo ziliishia kwa waliokuwa wakimdai.

Evander Holyfield, yule aliyeng'atwa sikio, aliingiza zaidi ya dola milioni 200. Alijenga jumba la vyumba 109 huko Georgia. Nyumba ya vyumba 109 si mali, ni mwajiriwa anayekulipisha wewe mshahara. Ilimshinda, ikachukuliwa kwa deni, na baadaye ikanunuliwa na mwanamuziki Rick Ross.

Talaka ina uzito gani?

Mkubwa, kwa sababu mara nyingi inakuja wakati mshahara unakoma. Nyumba ya mtu aliyekuwa safarini miezi tisa kwa mwaka ghafla ina mtu sebuleni kila siku, hana kazi, ana hasira. Mahakama hugawa mali, na malipo ya watoto yakikadiriwa kwa kipato cha zamani hayashuki yenyewe. Lazima uombe upya, na kuomba kunahitaji wakili.

Emmanuel Eboué wa Ivory Coast, aliyecheza Arsenal na Galatasaray, aliliambia gazeti moja la Uingereza Desemba 2017 kwamba baada ya talaka alikuwa amepoteza karibu kila kitu. Alisema pia kwamba hakusoma vya kutosha na mambo ya pesa aliyaacha mikononi mwa wengine. Kabla ya hapo, Machi 2016, FIFA ilimfungia mwaka mmoja kwa kutomlipa wakala wake wa zamani. Sunderland walikuwa wametoka kumsajili, wakauvunja mkataba kabla hajagusa mpira. Deni la wakala likafunga mlango wa kazi ambayo ingelilipa deni.

Wachezaji wa Ligi Kuu ya England nao?

Wapo. Kipa David James, aliyedakia Liverpool na timu ya taifa ya England, alitangazwa muflisi mwaka 2014. Kule kuna mtego wao wa aina yake. Miaka ya mwisho ya tisini na ya elfu mbili, wachezaji wengi waliingizwa kwenye mipango ya kuwekeza katika filamu, ikiuzwa kwao kama njia halali ya kupunguza kodi. Miaka ikapita, mamlaka ya kodi ikasema hapana, mnatudai nini, sisi ndio tunawadai, na riba juu. Barua hizo ziliwakuta wengi wameshastaafu. Kodi ya mshahara wa 2003 inaombwa kwa mtu ambaye sasa kazi yake ni kuchambua mechi studio mara mbili kwa wiki.

Na tenisi? Boris Becker alifungwa kwa kufilisika?

Hapana, kufilisika si kosa la jinai. Becker, bingwa wa Wimbledon mwaka 1985 akiwa na miaka 17, alitangazwa muflisi London Juni 2017. Aprili 2022 alihukumiwa miaka miwili na nusu kwa kuficha mali na madeni ambayo sheria ilimtaka ayataje. Akatoka Desemba mwaka huo na kurudishwa Ujerumani. Aliponzwa na aibu ya kusema alichobaki nacho.

Vipi wakimbiaji wa Kenya wanaorudi na dola?

Hapa hesabu ni ndogo zaidi na kwa hiyo inauma zaidi. Mshindi wa Boston Marathon amekuwa akipewa dola 150,000. Marekani humkata mgeni asilimia 30, ndizo 45,000. Wakala akichukua asilimia 15 ya jumla, ni 22,500. Zimebaki 82,500, na zenyewe haziji siku ya mbio. Zinangoja majibu ya vipimo vya dawa. Humo yumo kocha, wamo wenzake wanaomvuta mazoezini, iko kambi. Mwili wa binadamu unakubali marathoni mbili hivi kwa mwaka. Mwaka unaofuata goti likigoma, hakuna kitu, na mkimbiaji hana mwajiri wa kumdai mshahara wa ugonjwa.

Wapo waliocheza karata zao vizuri. Moses Kiptanui, mtu wa kwanza kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 8, Zürich mwaka 1995, ana jengo la Komora katikati ya Eldoret. Lornah Kiplagat alijenga kambi ya mazoezi Iten, ambayo wageni wanailipia. Upande wetu wa mpaka, Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, ana shule zake Kibaha. Angalia wanachofanana: kila mmoja aliweka pesa mahali anapoweza kupita kwa miguu asubuhi na kuona kama mlango uko wazi.

Henry Rono tusimchanganye na hawa. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, enzi ambayo mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa hadharani. Baadaye alipitia ulevi na makao ya wasio na nyumba huko Marekani, akawahi kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Hakupoteza mamilioni, hakuyaona kamwe. Alifariki Februari 2024.

Yupo aliyelipwa kidogo akatajirika?

Junior Bridgeman. Alicheza NBA miaka ya sabini na themanini, zaidi na Milwaukee Bucks, na hakuna msimu aliolipwa zaidi ya dola 350,000. Alinunua migahawa ya Wendy's, na kabla ya hapo alisimama mwenyewe jikoni na kaunta akijifunza kazi. Alipofariki Machi 2025 utajiri wake ulikadiriwa kuvuka dola bilioni moja.

Mdogo wangu kasajiliwa na timu ya Ligi Kuu. Aanze na nini?

Kwanza asome pesa ya usajili inalipwa lini. Klabu nyingi huilipa vipande vipande, na kipande cha mwisho ndicho kinachogeuka kesi. Pili, aulize klabu inamchangia mfuko wa hifadhi ya jamii au la, na aone mwenyewe michango imeingia. Tatu, asimdhamini mtu mkopo, hata kocha. Kiwanja akitaka anunue, lakini afike, akanyage, aulize majirani na serikali ya mtaa, si kununua kwa picha ya WhatsApp akiwa kambini. Ndugu wasaidiwe kwa kiasi kinachojulikana kila mwezi, na kikiisha kimeisha. Hilo la mwisho ni rahisi kuandika. Mimi mwenyewe sijaliweza.

Kwa nini wasilipwe kidogo kidogo hadi uzeeni?

Wengine walifanya hivyo. Allen Iverson, ambaye mishahara yake ya NBA ilipita dola milioni 150 na ambaye baadaye habari za kuishiwa kwake zilienea kila mahali, inaripotiwa kwamba ana mfuko aliowekewa na kampuni ya viatu ya Reebok wa zaidi ya dola milioni 30 asioweza kuugusa hadi afikishe miaka 55, yaani mwaka 2030.

Lakini bingwa wa mchezo huu ni Bobby Bonilla wa besiboli. Mwaka 2000 New York Mets walitaka kuachana naye huku mkataba ukiwadai wamlipe dola milioni 5.9. Badala ya kuchukua zote, yeye na wakala wake wakakubali zikae, zizae riba ya asilimia 8, kisha alipwe polepole kuanzia 2011. Bonilla alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 2001. Hadi leo, kila tarehe 1 Julai, Mets wanamwekea dola 1,193,248 na senti 20, na wataendelea hadi 2035, akiwa na miaka 72. Mashabiki wa New York huiita siku hiyo Siku ya Bobby Bonilla, na kila mwaka wanaikasirikia upya.